Kupanga Nyumba katika Mji Mdogo wa Pwani: Mashauri kwa Anayehamia Bagamoyo

Kupanga nyumba, yaani kulipia haki ya kukaa katika nyumba ya mtu mwingine kwa muda uliokubaliwa, huonekana kuwa shughuli ya namna moja kila mahali: nyumba hutafutwa, bei hujadiliwa, kodi hulipwa na ufunguo hukabidhiwa. Katika mji mdogo ulio ukingoni mwa bahari, hata hivyo, shughuli hiyo huingiliwa na mambo ambayo mtu aliyezoea maisha ya jiji au ya bara hajapata kuyauliza. Huko nyumba hushambuliwa kila siku na maji ya namna tatu, yaani maji ya bahari yanayojaa na kupwa, maji ya chini ya ardhi yanayochanganyika na chumvi, na unyevu wa hewani unaokula bati, nondo na rangi. Na juu ya hayo, mara nyingi nyumba yenyewe ni mali ya ukoo mzima wala si ya mtu mmoja. Makala haya yanaeleza mambo hayo kwa kuuchukua mji wa Bagamoyo kuwa mfano, ingawa sehemu kubwa ya yanayosemwa humu humfaa pia anayehamia Pangani, Kilwa Masoko au Mikindani.

Bagamoyo uko kiasi cha kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam, na unatazamana na Unguja ng'ambo ya mkondo wa bahari wa Zanzibar. Katika karne ya 19 ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Tabora na Ujiji, kisha ukawa makao makuu ya utawala wa Wajerumani mpaka mwaka 1891 serikali ilipohamia Dar es Salaam. Sababu mojawapo ya kuhama huko ilikuwa ufuko wenyewe, kwa kuwa bahari ya Bagamoyo ni ya kina kifupi na meli kubwa zililazimika kutia nanga mbali, hali kule Dar es Salaam kulikuwa na bandari yenye kina. Jambo hilo si la wanahistoria peke yao. Ufuko uliozifukuza meli ndio unaofanya leo maji yapwe mbali sana na kurudi kwa kasi, na ndio unaoamua ni nyumba zipi zinapata upepo mtupu na zipi zinapata upepo pamoja na chumvi.

Wanaotafuta nyumba katika mji huu si wa aina moja. Wapo wanafunzi na walimu wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo ilianza mwaka 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa; wapo wa chuo cha uvuvi cha Mbegani, watumishi wa serikali wanaohamishwa, watafiti wa afya, wastaafu wanaotafuta utulivu, na watu wanaofanya kazi Dar es Salaam ambao wamechoshwa na bei na msongamano wa jiji. Kwa kuwa mji ni mdogo, kundi moja tu likifika kwa pamoja soko lote hutikisika, hivyo anayetafuta chumba katika wiki ambazo wanafunzi wanaripoti, au katika siku za tamasha la sanaa la kila mwaka, hukuta vizuri vimekwisha na vilivyobaki vimepandishwa bei. Habari za bandari kubwa iliyopangwa kujengwa Bagamoyo nazo zina uzito wake. Tangu makubaliano ya awali ya mwaka 2013 mradi huo umetangazwa, ukasimama mwaka 2019, na ukarudi tena mezani, na mwenye nyumba anaweza kutaja kodi ya mji utakaokuwapo bandari ikijengwa badala ya mji uliopo. Mpangaji anakaa katika nyumba ya leo, na kodi anayokubali inapaswa kulingana na maji, umeme na barabara zilizopo leo.

Shauri lililo kubwa kuliko yote katika makala haya ni kwamba anayehamia mji wa pwani apange mara mbili: kwanza chumba kidogo kwa muda mfupi, miezi mitatu ikiwezekana, na baadaye nyumba anayokusudia kukaa. Gharama ya kuhama mara mbili ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya kulipa kodi ya mwaka mzima kwa nyumba ambayo tabia zake hazijajulikana, na tabia za nyumba ya pwani hazionekani kwa siku moja kwa sababu hubadilika kwa majira. Kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na katika miezi hiyo anga huwa jeupe na joto kali. Kusi, upepo utokao upande wa kusini, hushika kuanzia Aprili mpaka Septemba au Oktoba, ukiwa na nguvu zaidi mwezi Juni na Julai, na ndio unaopeperusha mvuke wa bahari mpaka ndani ya vyumba vinavyoukabili. Kati ya hayo kuna mvua za masika, za Machi hadi Mei, na mvua fupi za vuli za Oktoba hadi Desemba. Mgeni huja kuangalia nyumba Januari, akakuta kuta zimekauka na bahari imetulia, akasaini. Masika yanapoingia ndipo anapogundua kwamba uani ni bwawa na kwamba paa linavuja penye kitanda. Aliyekaa mjini msimu mmoja katika chumba cha bei nafuu huwa ameshapita mbele ya nyumba zote anazozitamani wakati mvua inanyesha, na ameshaona zile ambazo maji huingia.

Ikiwa nafasi ya kupanga mara mbili haipo, kama inavyowatokea watumishi wanaohamishwa kwa barua ya siku chache, basi nyumba itazamwe walau mara mbili, asubuhi na usiku, na mojawapo ya mara hizo iwe siku ya bamvua. Bamvua ni siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kiasi cha kawaida, nazo hutokea kila mwezi mwandamo unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku za katikati, ambazo maji hayapandi wala hayashuki sana, huitwa maji mafu. Mvuvi yeyote pwani anazijua siku hizo kwa hesabu ya mwezi, na swali moja kwake lina thamani kuliko maelezo marefu ya dalali. Nyumba ambayo maji ya bamvua hufika karibu na ukuta wake wakati wa kusi haifai kupangwa kwa bei ya nyumba salama, hata ikiwa na mandhari ya kupendeza namna gani.

Nyumba zinazopangishwa ni za namna tatu, na kila namna ina ugonjwa wake. Ya kwanza ni nyumba za mawe za Mji Mkongwe, sehemu ya zamani iliyo jirani na ufuko katika kata ya Dunda, zilizojengwa kwa matumbawe, yaani mawe yanayotokana na viumbe wa baharini, yakashikanishwa kwa chokaa na kuezekwa juu ya boriti za mikoko. Ya pili ni nyumba ya Kiswahili, ambayo ina ukumbi katikati, vyumba kila upande, baraza mbele, na uani nyuma wenye choo na jiko. Hii ndiyo nyumba ya wapangaji wengi, ambapo kila familia hukodi chumba kimoja au viwili na kutumia uani kwa pamoja. Ya tatu ni nyumba mpya za matofali ya saruji zilizoenea Magomeni na kando ya barabara ya Dar es Salaam, zikiwa na vyumba vyenye choo ndani, ambavyo madalali huviita masta, na mara nyingi zikiwa na ukuta wa kuzunguka na geti.

Nyumba ya mawe ndiyo inayowavutia wageni, na ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua: unyevu unaoingia kutoka chini au kutoka hewani hupata njia ya kutoka tena kupitia plasta laini ya chokaa, hivyo ukuta hukauka. Mwenye nyumba anayeona plasta imebanduka na akaipiga plasta ya saruji juu yake huwa ameziba njia hiyo, na unyevu uliofungiwa ndani huyeyusha chumvi iliyomo katika mawe, ukaisukuma mpaka mahali pengine ambapo huchanua kama unga mweupe na kuutafuna ukuta kutoka ndani. Kwa hiyo ukuta wa zamani unaong'aa kwa saruji mpya na rangi ya mafuta unastahili kutiliwa shaka kuliko ukuta wa chokaa wenye madoa. Mpangaji agonge ukuta kwa kiganja katika kimo cha kiuno kushuka chini, kwa kuwa plasta iliyoachana na mawe hutoa sauti ya uwazi. Anuse kabati na pembe zilizo nyuma ya milango. Kisha atazame mahali ambapo boriti zinaingia ukutani, kwani huko ndiko mchwa na uozo huanzia. Ajue pia kwamba majengo ya kihistoria yaliyotangazwa yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kwamba kutoboa dirisha au kubadili mlango wa kuchongwa katika jengo la namna hiyo si jambo la kupatana na mwenye nyumba pekee.

Katika nyumba mpya adui ni kutu. Nondo iliyofunikwa na zege jembamba, au zege lililochanganywa kwa mchanga wa ufukweni wenye chumvi, hupata kutu, na kutu ikivimba hupasua zege. Dalili yake ni nyufa zilizonyooka chini ya dari, juu ya madirisha au kwenye nguzo za baraza, mara nyingi zikiwa na doa la rangi ya kahawia. Bati la kawaida katika nyumba zinazoikabili bahari huchakaa mapema sana likilinganishwa na bati lile lile likiwa bara, na misumari yake hulegea kabla ya bati lenyewe, jambo ambalo upepo mkali hulidhihirisha kwa muda mfupi. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya Tanzania kilionyesha kwamba hata bahari hii, iliyozoeleka kuwa haina vimbunga, inaweza kuleta upepo wa kung'oa mapaa. Kwa nyumba ya Kiswahili hakuna haja ya maelezo marefu: mpangaji atazame choo, njia ya maji machafu na paa, na ahesabu kaya zinazotumia uani huo.

Kuhusu umbali kutoka baharini kuna kanuni ya kisheria ambayo mpangaji hana budi kuifahamu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Nyumba iliyojengwa ndani ya mita hizo bila kibali inaweza kuamriwa kubomolewa, na amri hiyo haimhurumii mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka. Ufuko nao hutembea. Kisiwa cha Maziwe, kilicho mbele ya Pangani, kilikuwa na miti na kilijulikana kwa kasa waliotaga mayai hapo, lakini kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilikuwa kimepoteza uoto wake wote, na leo ni fungu la mchanga tu. Mahali ambapo mikoko imekatwa na mchanga umechotwa kwa ujenzi, ukingo huliwa. Minazi iliyolala na mizizi iliyo wazi ni ushahidi unaosomeka bila kuhitaji mtaalamu.

Maji ya kunywa ndiyo jambo ambalo wageni wengi hulidharau na baadaye kulijutia zaidi. Katika ardhi ya pwani maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi yatokanayo na mvua, hukaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya ardhi, kwa sababu ni mepesi kuliko hayo. Kwa kadirio la kawaida la wataalamu, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na mita 40 hivi za maji baridi zilizo chini ya usawa huo, kwa hiyo kisima kinachovutwa kwa pampu kupita kiasi hushusha maji ya juu kidogo tu na kuyapandisha ya chumvi kwa kipimo kikubwa. Kisima kilichokuwa kitamu miaka kumi iliyopita kinaweza kuwa cha chumvi leo, na kisima kinachofaa wakati wa masika kinaweza kuharibika ifikapo Februari. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: maji yaonjwe, kisha sabuni ya kipande isuguliwe ndani yake, na ikikataa kutoa povu yatafaa kuoshea sakafu na si kufulia wala kupikia.

Maji ya bomba mjini Bagamoyo husambazwa na DAWASA, mamlaka ile ile inayohudumia Dar es Salaam, na hutegemea mto Ruvu, ambao huingia baharini kaskazini ya mji. Mto ukipungua katika miezi ya ukame, mgawo huanza, na nyumba isiyo na tangi la akiba hukauka. Swali la kuuliza, basi, si kama nyumba ina bomba, bali ni siku ngapi kwa wiki bomba hilo hutoa maji, tangi lina ujazo wa lita ngapi, pampu inatumia umeme wa nani, na bili hugawanywaje baina ya wapangaji. Majibu ya mwenye nyumba yalinganishwe na ya jirani, na ndoo na madumu yaliyopangwa mlangoni kwa jirani yahesabiwe kuwa sehemu ya jibu.

Mbu wa pwani hawangoji maji baridi peke yake. Miongoni mwa mbu waenezao malaria yupo mmoja, anayeitwa kitaalamu Anopheles merus, ambaye huzaliana katika maji yenye chumvi kidogo kama yale ya vidimbwi vilivyo nyuma ya mikoko, na kwa hiyo nyumba iliyo karibu na mikoko inahitaji nyavu madirishani na chandarua kitandani katika majira yote.

Umeme hulipiwa kwa LUKU, kifupi cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na katika nyumba ya wapangaji wengi mita huwa moja. Hapo ndipo ugomvi mwingi wa uani huanzia, kwa sababu mwenye friji na mwenye taa mbili hutakiwa kuchanga sawa. Ni heri kila mpangaji awe na mita yake, au kiwango cha mchango kiandikwe kwa kutaja vyombo vya kila mmoja. Kuna jambo jingine linaloongezeka kimyakimya. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na tangu Julai 2023 kiwango chake kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ni shilingi 1,500 kwa mwezi, sawa na 18,000 kwa mwaka. Kodi hiyo kwa asili yake ni ya mwenye mali, lakini anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Fedha si nyingi, na hata hivyo ni haki yake mpangaji kupatana mapema ziondolewe katika kodi ya nyumba, kwa kuwa mambo madogo yaliyosemwa wazi mwanzoni huzuia makubwa baadaye.

Anayemkutanisha mpangaji na nyumba kwa kawaida ni dalali, naye hudai ujira ambao kwa desturi ni sawa na kodi ya mwezi mmoja, pamoja na fedha kidogo ya kuzungushwa. Dalali ana kazi yake, na katika mji mgeni huokoa muda. Lakini ujira wake humfikia mkataba unapofungwa, wala hana hasara nyumba ikivuja. Fedha yoyote inayoombwa kabla ya mwenye nyumba kuonekana, hata ile inayoitwa kishika uchumba, yaani malipo ya awali ya kuizuia nyumba isipewe mwingine, isitolewe bila hati inayosema itarudishwa katika hali gani. Aidha, katika mji mdogo taarifa ya nyumba iliyo wazi hupatikana msikitini, kanisani, dukani na kwenye kijiwe cha bodaboda kabla haijamfikia dalali, na mgeni anayetumia wiki moja kuzungumza na watu kwa adabu aghalabu hupata nyumba bora kwa bei ya wenyeji.

Swali zito kuliko la bei ni nani hasa mwenye nyumba. Katika miji ya kale ya pwani nyumba nyingi, hasa zile za Mji Mkongwe, ni mali ya urithi: babu alijenga, watoto wakarithi, wajukuu wakatawanyika, mmoja akiwa Unguja, mwingine Dar es Salaam, mwingine Maskati, na yule aliyebaki mjini ndiye anayeshika funguo. Kwa hesabu ya mirathi ya Kiislamu kila mmoja wao anaweza kuwa na fungu lake ndani ya nyumba hiyo, na aliyebaki hana uwezo wa kuipangisha yote kwa jina lake kwa sababu tu anakaa karibu. Mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka kwa mrithi mmoja anaweza kufikiwa na mrithi wa pili mwezi wa nne akidai kodi yake au akitaka nyumba, na wote wawili wakawa na hoja ya haki. Njia ya salama ni kuomba kuona barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi, yaani mtu aliyepewa mamlaka ya kusimamia mali ya marehemu kwa niaba ya warithi wote, na mkataba usainiwe na huyo. Ikiwa mirathi haijafunguliwa, warithi watu wazima waliopo watie sahihi kwa pamoja mbele ya kiongozi wa eneo.

Zipo pia nyumba za wakfu, ambazo mwenyewe alizifunga kwa ajili ya msikiti, madrasa au kizazi chake ili zisiuzwe wala zisirithiwe. Nyumba hizi hupangishwa kihalali, lakini na msimamizi wa wakfu tu, na kodi yake ina mahali maalumu pa kwenda. Nyumba ya wanandoa nayo ina sharti lake, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuipangisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kuuliza mambo haya si utovu wa adabu. Mwenyeji wa pwani anaheshimu swali la mirathi lililoulizwa kwa upole, na anayekasirika kwa kuulizwa hati huwa ametoa jibu lake.

Mkataba wenyewe uwe wa maandishi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu upangaji wa muda usiozidi mwaka mmoja ufanywe kwa mdomo, lakini ruhusa hiyo haimsaidii mtu anayetakiwa kuthibitisha alichoambiwa. Maandishi yana umuhimu wa pekee kwa kuwa Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, ambayo ilikuwa ikimkinga mpangaji dhidi ya kupandishiwa kodi ovyo, ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kinga kubwa ya mpangaji ni yale aliyoyaandika na kusainiana na mwenye nyumba. Mkataba utaje kodi kwa mwezi na muda uliolipiwa, ueleze kodi itaweza kupandishwa lini, utoe muda wa notisi kwa kila upande, na useme ni nani anayetengeneza paa, pampu na nyavu za madirisha. Katika nyumba ya pwani kipengele hiki cha matengenezo hakifai kuachwa kwa neno la jumla, maana kutu na chumvi havingoji mwaka uishe. Malipo ya mkupuo wa miezi sita au kumi na miwili yamekuwa mazoea, nayo hayakatazwi, ila mpangaji ana haki ya kupatana miezi mitatu, na kwa nyumba asiyoijua asikubali zaidi ya sita. Kila fedha inayotoka ipitie benki au simu ili ibaki na kumbukumbu, na mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, kwa sababu hati isiyolipiwa ushuru huo inaweza kukataliwa kuwa ushahidi mpaka ilipiwe pamoja na adhabu yake. Mgogoro ukitokea, usuluhishi huanzia katika baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kupatanisha tu, na shauri la ardhi lisilopatana huendelea kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mpangaji mpya ajitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa akiwa na barua ya utambulisho kutoka alikotoka, na aende mwenyewe badala ya kumtuma dalali. Kisha abishe hodi kwa majirani. Bagamoyo ni mji wenye Waislamu wengi, kituo cha tarika ya Kisufi ya Kadiria tangu enzi za kiongozi wake Sheikh Ramiya, na ni mji huo huo ambao wamisionari Wakatoliki walifika mwaka 1868, hivyo watu wake wamezoea wageni wa dini zote na wanachotaka kwao ni staha: mavazi ya heshima nje ya nyumba, sauti ya chini wakati wa adhana, kutokula hadharani mchana wa Ramadhani, shikamoo kwa wakubwa. Katika nyumba ya pamoja zamu ya kufagia uani ina uzito kuliko kodi. Baba mwenye nyumba au mama mwenye nyumba atamvumilia aliyechelewa kulipa wiki moja, ilhali wapangaji wenzake hawatamsahau aliyeruka zamu tatu. Jirani mwema ndiye atakayeanua nguo mvua ikija, atakayepiga simu bomba likitoka maji usiku, na atakayesema ukweli juu ya nyumba nyingine itakapohitajika kuhama.

Mizigo ipunguzwe kabla ya safari. Samani za chuma na vyombo vya umeme visivyofungwa vizuri huharibika mapema, makochi mazito ya sponji hunyonya unyevu, na vichochoro vya Mji Mkongwe haviruhusu kila gari, hivyo kirikuu, yaani gari dogo la mizigo, itashusha mwanzoni mwa njia na mkokoteni utamalizia. Siku ya makabidhiano mpangaji na mwenye nyumba wapite chumba kwa chumba, wapige picha za nyufa na madoa yote, wajaribu kila bomba na kila kitasa, na waandike namba ya mita ya LUKU na ya maji katika nakala mbili za mkataba, kabla mzigo wa kwanza haujashushwa.